Viguu vya Spika za Baba Pacha

Mume wangu ana mapenzi mawili, na sijawahi kumuuliza mimi nashika nafasi ya ngapi. Ninachojua ni kwamba spika zake zilitangulia. Alizinunua kabla hatujaoana, za mbao nzito, ndefu kufika kiunoni, na siku niliyohamia kwake nilizikuta zimeshika pembe mbili za sebule kama wenye nyumba. Mimi na masanduku yangu tukatafutiwa nafasi katikati. Sikununa. Mwanamume anayefuta vumbi kwenye spika kila asubuhi, nikajiambia, hawezi kumwacha mke aote kutu. Sikukosea sana.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko uani, imejaa sponji, vitambaa na springi zilizong'olewa. Yeye alikuwa mpiga chapa. Alitumia ujana wake wote mbele ya mitambo mikubwa ya kuchapa magazeti mpaka alipostaafu. Pacha wetu wamekua, kila mmoja ana nyumba yake mbali na sisi, ila majina wametuachia: mimi Mama Pacha, yeye Baba Pacha. Tunakaa ghorofani, kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao. Chini yetu kuna fundi saa. Analala chumba cha nyuma na kazi anaifanyia chumba cha mbele, penye dirisha la barabarani. Mtaa mzima unamwita Bwana Dakika, kwa sababu ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, hujibu, "Dakika tu." Wewe utarudi wiki ijayo.

Basi alasiri moja Bwana Dakika alipanda ngazi, akapiga hodi, akakataa kiti. Mkononi alishika kisahani cha chai kilichojaa skrubu ndogo mithili ya chembe za mchanga.

"Shemeji, naomba mnisamehe," alisema. "Sina ugomvi na muziki. Nyimbo zenyewe nazipenda. Lakini kila gitaa la besi linaponguruma huku juu, meza yangu kule chini inatetemeka, na hizi zinaanza kucheza. Leo moja imecheza mpaka ikadumbukia kwenye ufa wa sakafu. Ni ya saa ya mteja. Tangu asubuhi nimelala kifudifudi naitafuta."

"Pole sana, shemeji. Hatukujua."

"Najua hamkujua. Na kama haiwezekani kupunguza, basi mimi nitatafuta chumba kwingine. Sitaki tuvunje ujirani."

Angekuja na matusi, tungejua la kumjibu. Nina ulimi wangu, namshukuru Mungu, na huwa hauchelewi. Lakini mtu akikuomba radhi kwa makosa yako mwenyewe, utamfanyaje? Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa kitini kwake, viatu kavua, ananitazama.

"Anasemaje?" akauliza.

Nikadhani anajitia hamnazo, maana ndiyo tabia yake jambo linapomgusa. Nikamrudishia yote kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akazima amplifaya.

"Basi nitaziuza," alisema. "Spika hazikuletei uji ukiugua. Jirani atakuletea."

Bwana Dakika akashtuka kuliko mimi. Akashuka ngazi kinyumenyume huku akisema hapana, hapana, hakumaanisha hivyo.

Sasa nieleze kwa nini maneno yale yaliniogofya. Tangu astaafu, zile spika ndizo zilizokuwa zikimwamsha kitandani. Kila alasiri anachagua santuri, anaifuta, anaiweka, anavua viatu na soksi, anakaa. Hapo ndipo anapokuwa mtu aliyekamilika. Niliwahi kumwona bila spika, mwaka ule amplifaya ilipokwenda kwa fundi na fundi naye akaenda safari. Baba Pacha alishinda dirishani akihesabu baiskeli zinazopita. Alipunguza kula, akapunguza maneno, na jioni akawa ananiambia zimepita baiskeli ngapi. Sikutaka kumwona tena yule mtu wa baiskeli.

"Usiuze kitu," nikamwambia. "Nipe siku chache."

Nilianzia dukani, kwenye duka la vyombo vya muziki lenye vioo na kiyoyozi. Kumbe kuna viguu maalumu vya kuweka chini ya spika ili mtetemo usishuke sakafuni. Ni vikombe vidogo vya chuma, ndani yake kuna mpira laini. Nikauliza bei. Nikamuuliza tena muuzaji kama bei hiyo ni pamoja na mtu wa kuja kuzishika spika mwenyewe. Hakucheka. Lakini kabla sijakirudisha kile kiguu kwenye kabati, nilikibonyeza kwa kidole gumba. Kilibonyea kidogo, kikarudi. Nikatabasamu. Maisha yangu yote nimekula kwa kuweka kitu laini kati ya mifupa ya watu na mbao. Hii si kazi ngeni, nikasema.

Nilijisifu mapema. Kwanza nilikata vipande vya sponji, ile nzuri ya makochi ya wageni, nikaviweka chini ya spika. Uzito ukavikandamiza mpaka vikawa bapa, na sponji iliyokandamizwa mpaka mwisho haina tofauti na ubao. Juu ya hilo, spika moja ikainama upande kama mlevi anayeaga. Bwana Dakika alikuwa ameweka kisahani chake mezani, tukawa tunapashana habari kwa madirisha.

"Vipi huko?"

"Zinacheza, shemeji!"

Nikaenda kwa fundi viatu, nikachukua mabaki ya mpira wa soli, nikayakata miraba.

"Na sasa?"

"Zinacheza vilevile! Sasa zinazunguka!"

Soli ilikuwa ngumu mno. Imetengenezwa kubeba mtu na miiba, haina habari na gitaa la besi. Nilikaa chini, miraba ya mpira mapajani, nikaudhika na nafsi yangu. Halafu nikakumbuka ile mipira midogo ya watoto wanayouza kwenye kibanda cha kona, ile inayodunda mpaka juu ya paa. Nikaenda kununua. Nikaibonyeza mmoja mmoja palepale kibandani, muuzaji akinitazama kwa wasiwasi. Mgumu kiasi, laini kiasi. Nyumbani nikakata vipete kutoka kwenye bomba la plastiki, kila mpira nikaukalisha kwenye kipete chake usije ukaviringika. Minne chini ya kila spika. Tulizinyanyua mimi na Baba Pacha, tukisaidiana na kulaumiana, mgongo wangu, kidole changu, polepole basi, mpaka zikakaa.

Nikaweka santuri, nikaongeza sauti, nikakimbilia dirishani.

"Bwana Dakika! Vipi?"

"Washeni basi!"

"Tumekwisha washa!"

Nikachungulia chini. Kisha nikamsikia akipiga makofi peke yake kule chini. "Jamani! Shemeji! Zimelala!"

Nilicheza pale sebuleni, mtu mzima na makalio yangu. Nilijiona nimeshinda duka lile na kiyoyozi chake. Nikamgeukia mume wangu ili nipokee sifa zangu.

Alikuwa amekaa, nyayo wazi sakafuni, mikono magotini. "Vizuri," alisema. "Hongera, fundi wangu." Aliitamka hongera ile kama mtu aliyepewa zawadi ya shati lisilomtosha.

Siku zilizofuata nilianza kuona mambo. Anaweka santuri, anakaa kidogo, anaizima kabla upande wa kwanza haujaisha. Mara anaongeza sauti, mara anaipunguza. Siku moja nilimkuta amesimama, kiganja kakibandika ubavuni mwa spika kama mtu anayempima mtoto homa. Aliponiona akajifanya anafuta vumbi. Halafu nikamsikia kwenye simu, kwa sauti yake ile ya siku hizi inayofika mpaka kwa majirani: "Ndiyo, zipo! Zinauzwa! Njoo Jumamosi!"

Nilimsubiri akate. "Baba Pacha, tatizo si limekwisha? Unauza nini?"

"Nimezichoka," alisema.

Huo ni uongo ambao hata kuku asingeula. Lakini nilikuwa nimeudhika mno kuuchunguza. Nilidhani amedharau kazi yangu, kwamba spika za ujana wake zimeona haya kusimama juu ya vichezeo vya watoto. Nikaamua kumnunia. Sikumsemesha asubuhi, sikumsemesha mchana. Na kilichonikera zaidi ni kwamba hakujua kama amenuniwa. Unamnyima mtu maneno nusu siku nzima, naye anapita anapiga mluzi!

Alasiri alikuwa amenipa mgongo, anafuta santuri kwa kitambaa. Nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba Pacha, nyumba inaungua."

Akageuza santuri, akafuta upande wa pili.

"Inaungua, na mimi natoroka na Bwana Dakika."

Akapulizia vumbi.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaacha. Nilizunguka nikamsimamia mbele, nikamshika mikono yote miwili na kitambaa chake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakuuliza tangu lini nini. Alikuwa akiutazama mdomo wangu. Nami nikakumbuka kwamba amekuwa akiutazama mdomo wangu kwa miezi na miezi kila ninapozungumza, na mimi nilikuwa nikidhani ni mapenzi ya uzeeni.

"Kidogo kidogo," alisema. "Bandu bandu. Ni ile mitambo. Tarumbeta zilitangulia kwenda. Wewe nakusikia ukinielekea. Sasa besi nayo haifiki masikioni."

"Na kila siku ulikuwa unakaa hapa unasikiliza nini?"

Akaitazama miguu yake. "Nilikuwa naisikia kwa hapa. Kazini pale, Mama Pacha, nani alisikia kitu kwa masikio? Kelele tupu. Ukitaka kujua mtambo una nini, unavua kiatu unasimama. Nyayo zinakuambia rola ipi imelegea. Nikajikuta hata muziki nausikia hivyo. Unapanda kwenye mbao mpaka kwenye magoti, sawasawa kabisa. Ulipoweka ile mipira yako, sakafu ikafa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unacheza."

Nilitaka kumpiga kwa santuri. Nilitaka kumkumbatia pia, nikafanya hilo la pili kwa sababu santuri ni ghali. Nililia kidogo begani kwake. Nilikuwa na huruma, na hasira, na aibu ya kulala kitanda kimoja na mtu nisijue masikio yake yanaondoka. Nikamwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Akasema hakutaka kuitwa kiziwi na watoto wake. Nikamwambia wiki ijayo tunakwenda hospitali kupimwa, na hilo halina mjadala.

"Mtu hakatai wito," alisema. "Lakini spika acha ziende. Mpira ukitoka, Bwana Dakika anahama. Mpira ukibaki, mimi nina makabati mawili ya mbao sebuleni. Heshima ya jirani kwanza."

Nilimwachia kitambaa chake, nikaenda kupika.

Jibu lilikuja siku ya pili, nikiwa karakana. Mteja alikuja na watoto wake watatu kuchukua kochi lake, nao wakapanda wakaanza kurukaruka hata kabla hajanilipa. Wakirukaruka, kochi lote likatikisika: migongo, mito, mkoba wa mama yao aliouweka juu. Wakakamatana, wakaangukiana, kila mmoja anatikiswa na mwenzake. Na sakafu ya karakana, ambayo nilikuwa nimekaa juu yake na sindano mkononi, ilikuwa shwari. Nikawaambia warukeruke tena. Mama yao akanitazama vibaya, lakini watoto hawakusubiri kuambiwa mara mbili.

Kosa langu nikaliona. Laini haikuwa mbaya, mahali ndipo palikuwa pabaya. Nilikuwa nimeiweka kati ya mume wangu na muziki wake. Ilitakiwa ishuke chini yao wote wawili.

Nilikuwa na plaiwudi nene ya vitanda viwili vilivyovunjwa. Nikaunga jukwaa, pana la kutosha spika mbili upande mmoja na kiti cha Baba Pacha upande wa pili, nikalipigia mbao za mkazo kwa chini. Nikarudi kwenye kibanda cha kona nikachukua mipira yote iliyobaki. Muuzaji akashindwa kuvumilia.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Mmoja tu," nikamjibu. "Lakini mkubwa."

Jumamosi asubuhi Bwana Dakika alinisaidia kupandisha jukwaa vipande vipande. Baba Pacha, kwa amri yangu, alikuwa ametoka kumpigia simu mnunuzi amwambie asije, akarudi akasema simu haipatikani. Tukaunga, tukapanga mipira na vipete vyake, tukaziweka spika moja kwa moja juu ya mbao bila kiguu chochote, kisha kiti. Sebule ikabaki na njia nyembamba ya kupita ukutani. Mume wangu akapanda, akakaa, na upande wake wote ukazama. Kiti kikainama, yeye akashika spika kwa mikono miwili.

"Mnanizamisha," alisema.

"Umenenepa," nikamjibu, nikamwelekea ili asikie vizuri. Tukaongeza mipira upande wa kiti mpaka jukwaa likakaa sawa.

Bwana Dakika akashuka chini kwenye meza yake. Baba Pacha akavua viatu, akavua soksi, akaweka nyayo zake kwenye plaiwudi. Sindano ikagusa santuri. Bendi ikaanza, tarumbeta kwanza, halafu ngoma. Nilisimama njiani, mgongo ukutani, nikimtazama usoni, na niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Kama hii nayo ingeshindikana nilikuwa sina tena cha kujaribu, na mnunuzi alikuwa njiani.

Uso wake haukusema kitu. Akapeleka mguu mmoja mbele, akaurudisha. Kisha gitaa la besi likaingia, na kisigino chake kikaanza kuhesabu.

"Ipo," alisema. Akafumba macho. "Mama Pacha, ipo. Yote ipo."

Ngazi zikapiga kelele, Bwana Dakika akaingia mbio na kisahani chake. Akakiweka juu ya jukwaa, karibu na mguu wa mume wangu, skrubu zikaruka zikaanza kucheza. Akakichukua, akakiweka sakafuni hatua moja pembeni. Zikatulia. Akakirudisha jukwaani, zikacheza. Akakishusha, zikalala. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akicheka kimyakimya, halafu akachukua kisahani chake akarudi kazini. Ana saa za watu.

"Panda," Baba Pacha akaniambia. "Vua ndala."

"Nitalizamisha."

"Panda, mwanamke."

Nikavua, nikapanda, nikasimama nyuma ya kiti chake na mikono yangu mabegani mwake. Wimbo ule nimeusikia tangu nikiwa bibi harusi. Nimeuimba jikoni, nimewabembelezea pacha, nimeuchoka, nimeupenda tena. Nilidhani naujua.

"Ngoja," alisema. "Sasa anashuka."

Na besi ikashuka. Ikaingia kwenye nyayo, ikapanda kwenye mashavu ya miguu, ikakaa kwenye magoti. Ilikuwa inatembea, inasimama, inamjibu mwimbaji, inamtania, inamwacha aende halafu inamkuta mbele. Kulikuwa na mtu kamili ndani ya wimbo ule ambaye sikuwahi kukutana naye, mimi mwenye masikio mazima. Mume wangu alikuwa amekaa na mtu huyo kila alasiri.

"Anarudi," alisema. "Hapo. Umemsikia?"

"Nimemsikia," nikamwambia, nikainama nikamwambia tena mbele ya uso wake.

Mlangoni hodi ikapigwa. Ikapigwa tena, kwa nguvu, ngumi ya mtu aliyekuja na gari la kubebea mizigo. Baba Pacha hakuisikia. Mimi niliisikia vizuri sana. Nikatuliza mikono yangu mabegani mwake, nikaacha wimbo uishe.